Safari ya Wawili kwa Gari-nyumba Majira ya Mapukutiko: Mwongozo Kamili

Watu wengi wanaopanga kusafiri kwa gari-nyumba katika majira ya mapukutiko hujiandaa kupambana na baridi. Hununua mablanketi, soksi nene na hita, halafu siku chache baadaye wanagundua kuwa kinachowachosha ni unyevu na giza. Baridi hutibika kwa nguo. Unyevu ukishaingia kwenye godoro, mito na nguo zilizokunjwa kabatini, hautoki mpaka lipatikane jua, na jua la majira hayo halina nguvu. Giza nalo huwakuta barabarani kabla hamjajua mtalala wapi: mmoja anasoma ramani kwa hasira, mwingine anaendesha kwa hofu. Karibu kila ushauri uliomo humu unatokana na mambo hayo mawili.

Ninaposema gari-nyumba nakusudia vani yenye kitanda, jiko dogo, tangi la maji na nafasi ya watu wawili kuketi. Liwe lenu au la kukodi, hatua ni zilezile. La kukodi lina jambo moja la ziada: mwombeni mwenye gari awaonyeshe kwa vitendo jinsi ya kuwasha hita, kufunga gesi na kumwaga maji ya tangi, na mmoja wenu arekodi video kwa simu. Saa 3 usiku mvua ikinyesha, video hiyo itawafaa kuliko kitabu cha maelekezo.

Hatua ya 1: Chagueni wakati na mwelekeo

Nusu ya kaskazini ya dunia hupata majira haya Septemba hadi Novemba, ya kusini Machi hadi Mei. Mchana na usiku hulingana karibu na tarehe 22 Septemba kwa walio kaskazini, na karibu na tarehe 20 Machi kwa walio kusini. Hapo ndipo mchana unapopungua kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Katika latitudo ya digrii 50 mnapoteza karibu dakika 4 za mwanga kila siku, kwa hiyo safari ya wiki mbili inakula karibu saa nzima. Zaidi ya hapo, nchi nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini hurudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na machweo yanasogea mapema kwa saa nzima kutoka jana hadi leo. Tafuteni saa ya machweo ya siku ya kuondoka na ya siku ya kurudi, mziandike juu kabisa ya ratiba yenu. Mipango mingine yote ikae chini ya hizo.

Kuhusu rangi za majani: zinaanza kwenye maeneo ya mbali na ikweta na milimani, kisha zinashuka mabondeni. Anzeni juu, mteremke pamoja nazo. Ukijani hupotea kwa sababu mti unaacha kutengeneza klorofili, na njano iliyokuwa imefichwa chini yake inajitokeza. Nyekundu kwa miti mingi hutengenezwa wakati huohuo, na hustawi zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa ubaridi usiofikia kuganda. Upepo mkali na mvua ya usiku mmoja vinaweza kuyaangusha majani yote. Ndiyo maana siwashauri kukimbizana na kilele cha rangi kutoka bonde hadi bonde. Chagueni eneo moja lenye milima na mabonde, mzunguke humohumo. Kama juu majani yamekwisha, chini bado yapo.

Kabla ya kufunga ratiba, hakikisheni kambi mnazozitegemea bado ziko wazi. Nyingi hufunga msimu ukiisha, na hata zinazobaki wazi huweza kufunga mabomba ya maji ya nje kabla hayajaganda. Barabara za milimani nazo hufungwa theluji ya kwanza ikianguka. Kila kituo kiwe na cha akiba, kisichozidi nusu saa kutoka cha kwanza.

Hatua ya 2: Kagueni gari

Anzeni na matairi. Upepo wa tairi hupungua kwa takriban psi 1 (kipimo kinachosomeka kwenye geji ya upepo) kila joto linaposhuka digrii 5 hadi 6 za Selsiasi, kwa hiyo tairi lililojazwa siku ya joto litakuwa pungufu asubuhi ya baridi. Pimeni likiwa halijatembea. Tazameni pia kashata, yaani mifereji ya uso wa tairi: tairi lililokaribia kipara juu ya majani yaliyolowa haliwezi kushika barabara. Mpira wa matairi ya kiangazi huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya digrii 7 hivi, na baadhi ya nchi zinalazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe fulani au hali fulani ya barabara. Someni sheria za kila nchi mtakayopita.

Waipa zibadilishwe kama zinaacha mistari. Maji ya kuoshea kioo yawe ya aina isiyoganda, na kulanti ya rejeta ipimwe uwezo wake wa kuhimili baridi. Kioo cha mbele kisafisheni kwa ndani, jambo ambalo wengi husahau. Jua la majira haya hukaa chini, linapiga machoni moja kwa moja, na utando wa mafuta kwenye kioo unageuka ukuta mweupe.

Halafu mwagieni gari maji kwa mpira, mkianza na dari, huku mmoja akiwa ndani na tochi. Pitisheni mkono kwenye pembe za madirisha, kuzunguka tundu la hewa la darini na chini ya taa za nyuma. Tone dogo linaloingia sasa ndilo litakalolowesha godoro usiku wa tatu wa mvua.

Uzito nao msiupuuze. Magari-nyumba mengi yamesajiliwa kwa uzito usiozidi kilo 3,500 pamoja na kila kilichomo, na lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 lililojaa ni sawa na kubeba abiria wa tatu mnene. Lipelekeni gari kwenye mizani likiwa limepakiwa. Kisha andikeni kimo, upana na uzito wake kwenye karatasi, mkaibandike mbele ya dereva. Mtaihitaji kwenye daraja la kwanza lenye kibao cha kimo.

Hatua ya 3: Gesi, hita na usalama wa usiku

Hapa sina nafasi ya kubembeleza. Jiko la kupikia si hita. Jiko la mkaa, hata lililobakiwa na makaa mekundu tu, lisiingie ndani ya gari. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Inaleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala hapati hata dalili hizo za kumwamsha. Wekeni kengele ya kaboni monoksidi, muijaribu kila mnapohamia kituo kipya. Ikilia, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Hita nzuri ni ile inayovuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje, iwe ya dizeli au ya gesi. Inawapa joto kavu. Hita ya moto wa wazi inawapa joto pamoja na maji: kilo moja ya propani ikiungua hutoa takriban kilo 1.6 za maji kama mvuke, na wote unabaki ndani na ninyi.

Mtungi uwe wa propani. Butani huacha kugeuka gesi joto likifika karibu na sifuri, kwa hiyo asubuhi ya kuganda mtungi utakuwa na uzito wake wote na jiko halitawaka. Propani hufanya kazi hadi karibu digrii 42 chini ya sifuri. Gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa na zikivuja hutulia sakafuni. Yale matundu madogo ya sakafuni yapo kwa ajili hiyo, msiyazibe kwa zulia hata kama yanaleta ubaridi miguuni. Mwali wa jiko uwe wa bluu. Ukiwa wa njano, gesi haiungui vizuri. Zimeni, mtafute fundi.

Hatua ya 4: Kushindana na unyevu

Hii ndiyo hatua ninayoomba muisome mara mbili.

Watu wawili wakilala usiku kucha kwenye chumba cha ukubwa wa kabati, pumzi zao zinajaza hewa mvuke. Mvuke unatafuta mahali pa baridi zaidi na kugeuka maji: kioo cha mbele, fremu za madirisha, bati lililo wazi nyuma ya godoro. Alfajiri wekeni tochi karibu na fremu ya chini ya dirisha. Mtaona matone yamejipanga kwenye mpira, moja linakua, linaungana na jirani yake, kisha linateleza pembeni na kupotea chini. Lilikokwenda ni ukingoni mwa godoro. Inueni kona ya godoro, mpitishe kiganja upande wa chini: kitambaa ni baridi na kimeloa, wakati mnapolalia ni pakavu kabisa. Siku tano za namna hiyo zinatosha kuota ukungu mweusi.

Silika inasema mzibe kila tundu ili joto lisitoke. Fanyeni kinyume. Acheni tundu la hewa la darini wazi kidogo usiku kucha, na dirisha moja la upande wa pili wazi upana wa kidole. Hewa ya nje, hata ya baridi, ikiingia na kupashwa moto inakuwa kavu na inabeba mvuke wenu kwenda nao juu. Joto peke yake halisaidii, na hewa peke yake haitoshi. Mnahitaji vyote viwili kwa pamoja. Washeni hita dakika 20 kabla ya kulala, muizime au muipunguze mkiingia kitandani, halafu tena mkiamka.

Jikoni, funikeni sufuria. Mpikapo, dirisha la karibu liwe wazi, na chakula cha sufuria moja kinachoiva haraka ni bora kuliko kinachochemka saa mbili. Maji ya chai yakichemka zimeni mara moja. Nguo zilizoloa zisivuke mlango: wekeni beseni au mfuko mkubwa pale mlangoni, makoti na viatu viishie hapo. Zikaukie karibu na hita mkiwa macho na dirisha likiwa wazi, au kambini penye mashine ya kukaushia. Kamwe zisitundikwe juu ya kitanda.

Chini ya godoro pawe na chaga au matandiko yenye matundu ili hewa ipite. Kioo cha mbele kifunikeni kwa nje. Pazia la kuhami la ndani hupunguza baridi, lakini kioo nyuma yake kinabaki cha baridi na maji yanajikusanya msikoyaona.

Kila asubuhi, kabla ya chai, mmoja afute madirisha kwa kitambaa kikavu na kukikamulia nje, mwingine ageuze duveti na kusimamisha godoro. Fungueni milango yote dakika kumi, hata kama kuna baridi kali. Kisha, mkiwa njiani, washeni eyakondisheni ya gari pamoja na joto. Eyakondisheni hukausha hewa, na saa moja ya kuendesha hivyo inafanya kazi ambayo hita ya usiku mzima haiwezi.

Hatua ya 5: Umeme

Paneli ya sola iliyowatosha kiangazi haitawatosha sasa. Jua liko chini, mchana ni mfupi, na mara nyingi mmeegesha chini ya miti. Hesabuni kwamba chaji yenu itatoka kwenye alteneta mkiendesha na kwenye umeme wa kambi kila baada ya siku mbili tatu. Betri ya asidi msiishushe chini ya nusu. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 inastahimili kushushwa zaidi, ila isichajiwe ikiwa chini ya digrii sifuri. Ikae ndani panapopata joto.

Hatua ya 6: Gawaneni kazi kabla ya kuondoka

Ndani ya gari-nyumba hakuna chumba cha pili cha kwenda kupoza hasira. Kwa hiyo makubaliano mengi yafanyike mkiwa bado nyumbani, mmekaa, mmeshiba.

Kaeni mjibu maswali haya: nani anaamka kuwasha hita? Nani analala upande wa nje, ili anayekwenda haja usiku asimruke mwenzake? Nani anamwaga choo, na zamu inabadilika lini? Fedha za safari ziwe mfuko mmoja mliouchangia wote, mafuta na kambi vitoke humo bila kuulizana. Na kila mmoja awe na saa yake ya kimya kila siku. Mwenzako akivaa vipokea sauti na kugeukia dirishani, hajakasirika. Anatumia saa yake.

Wote wawili mjue kila kitu, hata kama mmegawana. Anayeendesha siku zote ajue kumwaga maji machafu, na anayepika siku zote aweze kuliendesha gari. Mmoja akipata homa, safari isisimame porini.

Kazi inayozua ugomvi kuliko zote ni kurudi nyuma. Wekeni kanuni moja: anayeongoza asimame pale anapoonekana kwenye kioo cha pembeni cha dereva, upande uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Atumie mikono, si kupiga kelele, kwa sababu dereva hasikii na sauti iliyopazwa inasikika kama lawama. Mkono mmoja ukiashiria kuja, njoo; viganja vyote viwili juu, simama. Dereva asipomwona mwongozaji kwenye kioo, asimame papo hapo, hata kama ana hakika nafasi ipo. Fanyeni mazoezi kwenye uwanja mtupu, mchana, kisha mara moja usiku mwongozaji akiwa na tochi inayoelekea chini.

Kabla ya kila kuondoka, asiyeendesha asome orodha kwa sauti na dereva ajibu baada ya kutazama: gesi imefungwa, tundu la darini limefungwa, madirisha, makabati, friji, ngazi imepanda, waya wa umeme umechomolewa. Injini isiwashwe mpaka orodha iishe. Msiifupishe hata mkiwa mmeizoea.

Hatua ya 7: Siku ya barabarani

Pangeni kufika saa 10 jioni, au saa mbili kabla ya machweo kama mchana ni mfupi zaidi. Kwa hesabu hiyo, kilomita 150 hadi 200 kwa siku zinatosha, na kila siku ya tatu isiwe na safari kabisa. Wengi huona huko ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo sababu ya kuwa na gari lenye kitanda: mkipenda mahali, mnabaki.

Alfajiri na magharibi ni saa za wanyama. Kulungu wako kwenye msimu wa kupandana na madume huvuka barabara bila kutazama. Akivuka mmoja, punguzeni mwendo na msubiri wa pili, maana mara nyingi hayuko peke yake. Akiwatokea ghafla, shikeni breki kwa nguvu na mshike usukani ulionyooka. Gari refu likikwepwa ghafla hupinduka au huingia kwenye mti. Taa za fulu zitawasaidia pasipo na gari la mbele, lakini ndani ya ukungu zinarudi machoni kwenu, kwa hiyo shusheni.

Majani yaliyolowa yanateleza kama sabuni, hasa kwenye kona na kwenye kivuli cha madaraja. Punguzeni mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Upepo wa pembeni husukuma gari refu mnapotoka msituni kwenda uwandani na mnapopitana na lori. Mikono miwili kwenye usukani.

Hatua ya 8: Mahali pa kulala

Kwanza, ulizeni kama inaruhusiwa. Sheria za kulala ndani ya gari nje ya kambi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na wakati mwingine kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Mkishafika, msiegeshe moja kwa moja juu ya majani makavu au nyasi ndefu: ekzosi iliyotoka safarini ina joto la kutosha kuziwasha. Epukeni kukaa chini ya miti mikubwa iliyozeeka. Matawi huanguka kwenye upepo, na hata mvua ikikoma matone yataendelea kupiga bati usiku kucha. Kingo za mito na mabonde ya chini kabisa hukusanya ukungu na baridi. Pandeni kidogo mlimani, hata mita chache, mtalala pakavu zaidi. Elekezeni mlango mkubwa upande usio na upepo, na kama kuna chaguo, madirisha ya kitanda yatazame mashariki mpate jua la asubuhi, kwa ajili ya godoro kuliko ya macho.

Tembeeni kuzunguka eneo kabla giza halijaingia, mjue choo kiko wapi, tope liko wapi, na mtatokea wapi mkihitaji kuondoka usiku. Mkienda msituni, vaeni rangi kali. Nchi nyingi ziko kwenye msimu wa uwindaji.

Joto likitabiriwa kufika sifuri, mwageni maji ya bomba la nje na tangi la maji machafu, mwache mabomba yote wazi. Wekeni dumu la maji ya kunywa ndani, karibu na kitanda.

Jioni inaweza kuwa saa tano za kukaa mahali pamoja. Itengenezeeni utaratibu: taa ya njano hafifu, chakula mapema, kitabu cha kusomeana, karata, kupanga siku ya kesho mkiwa na ramani ya karatasi mezani. Matembezi mafupi ya usiku kabla ya kulala huipasha miili moto, na mtu aliyeingia kitandani akiwa na joto hulala vizuri kuliko aliyeingia akitetemeka chini ya mablanketi matatu. Vaeni nguo kavu za kulalia ambazo hazijavaliwa mchana. Mfuko wa kulalia uchagueni kwa kiwango chake cha joto la kulala kwa raha. Kile kiwango kingine cha chini kabisa kilichoandikwa pembeni ni kipimo cha kuvumilia tu.

Mkirudi

Siku ya kurudi toeni kila kitu cha kitambaa nje ya gari, godoro pamoja nalo, vikauke ndani ya nyumba. Toeni chakula chote, hata pakiti zilizofungwa, kwa sababu panya hutafuta mahali pa joto msimu huu na hupita tundu dogo sana. Maji yamwagwe kwenye tangi, pampu na hita ya maji, mabomba yaachwe wazi. Mlango wa friji uegeshwe ukiwa wazi kidogo. Betri ichajiwe hadi ijae kabla ya kulifunga gari, na kama lina swichi ya kukata umeme, izimwe.